UZI: Kitabu gani cha muongozo cha kuaminika kwa anaekwenda Makka na Madina?

MwanaMkunazini
Asalam alaykum waungwana wa humu. Inshaallah mfunguo saba, mambo ya maulidi yakishapungua, nnakwenda umra, hija ndogo, na bi mkubwa wangu, yaani mama, kwetu sote ndo mara ya mwanzo. Taasisi tunayokwenda nayo imetupa karatasi moja ya fotokopi, nia, tawafu (kuizunguka Kaaba), sai (kutembea baina ya Safa na Marwa), kunyoa, basi, hata bi mkubwa kaigeuza nyuma akidhani kuna upande wa pili. Nikaona bora nitafute kitabu kabisa. Nimepita Darajani nimekuta vya aina tatu, kuna kidogo cha mfukoni kina dua ya kila mzunguko, kuna kinene cha rangi kimetafsiriwa kutoka Kiarabu, na kuna kijana anauza kitabu cha watalii cha Kiingereza kinachozungumzia Saudia nzima, kimeshatumika lakini bei utadhani kimetoka kiwandani jana. Nichukue kipi? Maana bi mkubwa ni mtu wa Pemba, kasoma chuoni zamani, ukimwambia kitu lazima akuulize kasema nani.

Tumbatu_Online
Yakhe weka pesa zako. Simu tu. Pakua Nusuk, ile programu ya Saudia ya vibali, weka ramani ya Google, video za tawafu zimejaa YouTube mpaka za Kiswahili. Vitabu wakati wake ushapita.

Karafuu_Wete
Waalaykum salaam. Simu ataihitaji, hilo sibishi na ntalirudia chini, ila usimwambie mtu anaefuatana na mzee kuwa simu inatosha. Ndani ya tawafu huna mkono wa kushikia simu, mkono mmoja umemshika mama na mwengine unajikinga na viwiko vya watu. Ile ibada unatakiwa uwe unaijua kabla hujaondoka Kisauni, na kuijua huko kunataka ukae chini usome, si kuangalia video ya dakika tatu ya mtu usiemjua.

Sasa kuhusu vitabu, watu wanachanganya vitu viwili ndo maana wanapotea dukani. Kuna kitabu cha manasik, yaani ibada yenyewe, na kuna kitabu cha safari, yaani mji, milango, usafiri, vibali, pesa. Cha manasik hakizeeki, Imam Nawawi kafariki 1277 na alichoandika kwenye mambo ya hija mpaka leo wanazuoni wanakirejea. Cha safari kinaoza haraka kuliko samaki wa Malindi. Ukikuta kitabu kimoja kinajifanya kinafanya kazi zote mbili basi kipime kila nusu peke yake, kinaweza kikawa kizuri upande mmoja na balaa upande mwengine.

Hiki cha safari namna ya kukipima usiangalie jalada, wala usiridhike na ule mwaka ulopigwa ndani, kwa sababu kupigwa chapa tena siyo kusahihishwa, kuna vitabu viko chapa ya kumi na maneno ni yale yale ya enzi za kaseti. Wee fungua humo ndani utafute vitu ambavyo unajua vimebadilika, uone vinasemaje.

Mfano, kikikwambia mapumziko ya wiki Saudia ni Alhamisi na Ijumaa, hicho ni cha kabla ya 2013, siku hizi ni Ijumaa na Jumamosi. Kikikwambia Makka kwenda Madina ni basi au teksi tu, hakijaijua treni ya Haramain ilofunguliwa 2018, inakwenda mpaka kilomita 300 kwa saa na masafa yenyewe ni kama kilomita 450. Kikitaja VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 5 ni cha kabla ya Julai 2020, sasa ni 15. Picha za Jamarati, pale mahujaji wanapopiga mawe, zikionesha nguzo nyembamba zile za zamani basi picha ni za kabla ya 2004, sasa ni kuta ndefu. Najua wewe huendi hija, huna jamarati, lakini picha inakwambia umri wa kitabu. Na ramani ikionesha ngome ya Waturuki ya Ajyad pale juu ya Haram, msikiti wa Makka, itupe, ngome ilivunjwa 2002 na pale pamesimama majengo yenye ile saa, mita 601.

Kuna mtego mmoja. Wengi wanapima kwa bei ya riyali, wanasema kitabu kimeandika dola moja ni riyali 3.75 na kweli ndo hivo hivo, basi kipya. Hapana! Riyali imefungwa hapo hapo kwa dola tangu 1986. Kitabu cha miaka thelathini nyuma kitapatia na cha jana kitapatia.

Na hicho cha Kiingereza cha yule kijana mrejeshee mwenyewe. Siyo ubaguzi, fikiria tu, Makka asiekuwa Muislamu haruhusiwi kuingia. Vitabu vya watalii vya Saudia nzima mara nyingi waandishi wake siyo Waislamu, sasa hiyo sura ya Makka kaandika kwa kupita wapi? Utakuta Jeddah kurasa chungu nzima, mikahawa mpaka rangi ya viti, ukifika Makka kurasa mbili na historia. Kwa Jeddah kinafaa. Kwa safari yako wewe hakina kazi.

MwanaMkunazini
Ahsanta sana Karafuu, hii ya riyali mie ningeingia mzima mzima. Na upande wa ibada nnapimaje? Maana kile kinene kimejaa hadithi, kinaonekana cha maana.

Bi_Fuoni
Hapo nijibu mie kabla ya wanaume hawajajibu.

Kijana, unakwenda na mama, kwa hiyo fungua kurasa za wanawake kwanza. Mie ndo kipimo changu. Kitabu kinachosema "mwenye hedhi hatufu" halafu kikahamia kwengine, kirejeshe kwenye rafu. Mama yako labda kashavuka huko lakini kitabu kilochoandikwa kwa kufikiria wanawake utakijua hapo. Kitabu cha maana kitaeleza kuwa mwanamke anaingia ihramu, ile hali ya kuanza ibada, hata akiwa na hedhi, anaoga, ananuia, anaacha tawafu tu mpaka atwaharike, kitamtaja Asmaa bint Umays aliejifungua pale Dhul-Hulayfa na Mtume (s.a.w.) akamuamrisha aoge aingie ihramu. Kitakwambia na kwenye hija ile tawafu ya kuaga mwenye hedhi kasamehewa. Haya ndo mambo ambayo mwanamke akiwa kule anatetemeka, ndege iko kesho kutwa na hajui afanyeje, na aibu kumuuliza kiongozi.

La pili, na hili kwetu Zanzibar kubwa, kitabu kinasema kwa madhehebu gani? Sisi wengi wetu Mashafi. Kwa Shafi kugusana ngozi mwanamume na mwanamke asiekuwa maharimu wake kunatengua udhu. Haya nenda kwenye tawafu, watu wamebanana, ukae na udhu wako mizunguko saba hujaguswa na mtu! Masheikh wetu wanalijua tatizo hili na wanaeleza kufuata kauli nyengine pale, Mahanafi kwa mfano kwao kugusana hakutengui. Lakini vile vitabu vinavyogaiwa bure kule vimeandikwa kwa muelekeo wa masheikh wa kule, Hanbali, havikuelezi hata kwamba kuna tatizo. Sasa mama yako kasoma chuo cha zamani, ataguswa mzunguko wa pili atataka kutoka akatawadhe, akirudi ataguswa tena, na wewe kitabu chako hakina jibu. Hapo ndo utaulizwa kasema nani.

Tumbatu_Online
😂😂 Bi Fuoni umemmaliza. Ila mie nimesimama pale pale, Rawdha ya Madina, pale ndani ya msikiti baina ya mimbari na kaburi la Mtume, bila simu huingii.

Karafuu_Wete
Ndo hilo nilosema ntarudi. Tumbatu hapa yuko sawa. Kuingia Rawdha kunataka kibali cha Nusuk, na mwisho wa 2023 wakatangaza mtu kibali kimoja kila siku 365. Wanaume wana saa zao na wanawake saa zao, kwa hiyo MwanaMkunazini wewe na bi mkubwa hamuingii pamoja, mtafutie mwenzake wa msafara wa kuingia nae. Kitabu kinachokwambia "baada ya sala ya alfajiri panga foleni" ni cha zamani, moja kwa moja. Nusuk yenyewe imeanza 2022, kabla yake ilikuwepo Eatmarna, kwa hiyo ukikuta kitabu kinakuelekeza Eatmarna ujue kimeandikwa kipindi cha korona.

Ila angalia simu inafanya kazi gani hapo, inatoa kibali. Haikufundishi ukiingia Rawdha usimame wapi, useme nini, adabu ya kumsalimia Mtume na masahaba wawili walolala nae pale. Hilo la kitabu, au la sheikh.

Mzee_Kikwajuni
Vijana nawasoma tu. Mbona mnakipita hicho kidogo cha mfukoni kama hamkioni? Sisi tulokwenda zamani tulikwenda nacho hicho, dua ya mzunguko wa kwanza, wa pili, mpaka wa saba, na hija zetu Mwenyezi Mungu ndie mwenye kuzitakabali. Leo kila mtu bidaa bidaa, eti uzushi.

Karafuu_Wete
Mzee wangu, mie sijasema bidaa na sithubutu. Nnasema hivi kwa heshima. Kwenye tawafu dua ilothibiti kwa mahali maalumu ni ile baina ya Rukni Yamani, ile pembe ya Kaaba, na Hajar Aswad, jiwe jeusi, Rabbana aatina fid-dunya hasana mpaka mwisho, iko Baqara aya ya 201 na kila mtoto wa chuoni anaijua. Kwengine kote mtu aombe atakalo, hata kwa Kiswahili, hata amtajie Mola wake deni la duka. Sasa kitabu kikiandika "dua ya mzunguko wa tatu" bila ya kusema kwamba huu ni mpangilio wa mwandishi, msomaji anadhani akikosea mzunguko umeharibika. Kuna watu pale wamezuia njia wanatafuta ukurasa! Kitabu kikisema wazi hizi ni dua nzuri tumezikusanya, si lazima, mie sina neno nacho hata kidogo.

Mzee_Kikwajuni
Hapo nakubali. Lakini na wewe kubali kuna mtu kumbukumbu imechoka, akiachiwa hivi hivi atatembea mizunguko saba anaangalia watu. Kikaratasi kinamshika.

Karafuu_Wete
Nakubali mzee wangu, hilo kweli.

Minara_Miwili
Habari za jioni majirani, mie Mkristo wa hapa hapa mjini lakini uzi umenivuta. Nilikwenda Yerusalemu na kundi la kanisa na tulikuwa na tatizo hili hili la vitabu. Mwenzetu mmoja alikuwa na kitabu kinaonesha kaburi la Yesu ni lile la bustanini, nje ya ukuta, upande wa Lango la Damasko. Mwengine chake kinaonesha ni ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu, mji mkongwe. Wakabishana basi zima. Kumbe ni sehemu mbili, ile ya kanisani watu wanaiheshimu tangu karne ya 4, ile ya bustanini imeanza kutajwa karne ya 19 na Waprotestanti wengi wanapenda kusali pale kwa utulivu wake. Kitabu changu mimi kilizitaja zote mbili na kikasema nani anaamini ipi na kwa nini. Toka siku hiyo kitabu kisichotaja ubishi nnakiona na wasiwasi, ama mwandishi hajui ama anajua ananificha.

Na saa pia. Ule msafara wa Wafransisko kwenye Njia ya Msalaba kila Ijumaa wengi wameandika saa tisa alasiri, lakini wakati wa kiangazi wanaanza saa kumi. Ukija na kitabu kilochoandikwa na mtu aliekwenda mara moja Disemba, unafika kabla ya wenyewe.

Bi_Fuoni
Jirani umesema la maana, karibu sana.

Karafuu_Wete
Hasa, na kwetu ubishi wa namna hiyo upo kwenye miqati, ile mipaka ya kuingilia ihramu. MwanaMkunazini hili lisome taratibu. Kitabu kikikwambia "utavaa ihramu Jeddah" au "usivae Jeddah kabisa" bila maelezo, kimekurukia. Kwa wanaokwenda Jeddah kwa ndege masheikh wanatofautiana, wengi wanasema uwe umeshavaa na unuie ndege ikiwa sambamba na miqati kabla haijatua, na wako wanaoruhusu Jeddah kwa baadhi ya njia. Wengi wa huku wanajitoa kwenye ubishi kwa kuvaa mapema, uwanja wa ndege au pale wanapobadilisha ndege, kisha nia wanaiweka angani. Hapa ndo pa kumuuliza sheikh wa msafara wenu kabla, mnapita njia gani na yeye anafuata kauli gani, siyo pa kuja kuulizana kwenye siti.

Kama ratiba yenu mnaanza Madina, mambo mepesi zaidi. Mnakaa Madina na nguo zenu, siku ya kuondoka mnapita Dhul-Hulayfa, pale watu wanapoita Bir Ali, kama kilomita kumi tu kutoka msikiti wa Mtume, mnaoga, mnavaa, mnanuia. Na hapo pia kitabu cha safari kinahitajika, maana mkichukua treni badala ya basi treni haisimami Bir Ali! Muwe mshavaa kabla na nia mjue mtaiweka wapi. Kitabu cha kabla ya treni hakina hili kwa sababu halikuwepo.

Tumbatu_Online
Aisee hili la treni sikulijua.

MwanaMkunazini
Duh. Haya, nimerudi Darajani leo baada ya kazi na maneno yenu kichwani, mwenye duka kaniangalia kama afisa wa kodi. Kile kinene cha rangi hakina jina la mwandishi, hakina aliehakiki, hakina mwaka, kuna jina la mchapaji tu na namba ya simu. Kinasema tawafu inaanzia kwenye mstari mweusi wa sakafuni, na kinasema ukimaliza ushuke ngazi kwenda kisimani Zamzam.

Bi_Fuoni
😅 Mstari ushaondolewa zamani, siku hizi unaangalia taa za kijani pembeni usawa wa Hajar Aswad. Na ngazi za Zamzam zishafungwa na kufunikwa, maji yenyewe unayakuta kwenye madumu na mabomba kila upande.

Karafuu_Wete
Kisichokuwa na jina la mwandishi wala mhakiki kiache, hata kingekuwa sahihi. Huyo bi mkubwa akikuuliza, utamjibu mchapaji?

MwanaMkunazini
Nimekiacha. Ila mwenye duka akanitolea chengine ndani, chembamba, kimeandikwa na ustadhi wa huku huku, kinataja kabisa kwamba ni kwa Shafi na pale penye tofauti anaeleza. Suala la kugusana udhu lipo Bi Fuoni, kurasa nzima mbili. Mwisho kuna sehemu ya safari, nimeipiga picha. Anataja Nusuk, anataja kibali cha Rawdha, anataja treni. Anasema treni "inakushusha Haram". Mnaonaje? Na jambo jengine, bi mkubwa anasoma Kiarabu cha msahafu vizuri lakini herufi za skuli zinamtaabisha, na macho pia.

Karafuu_Wete
Chukua hicho. Ibada kipo imara na hiyo ya safari ni ya juzi juzi, ila "inakushusha Haram" siyo, stesheni ya Makka iko Rusaifa, kutoka hapo mpaka Haram ni kilomita kadhaa, mtataka basi au teksi na mabegi na bi mkubwa na ihramu. Andika na kalamu pembeni ya ukurasa. Na andika na haya ambayo vitabu vingi havina: mlango wa kukutania mkipoteana. Milango ya Haram ina namba, wa Mfalme Abdulaziz ni namba 1, wa Mfalme Fahd ni 79, chagueni mmoja ulo karibu na hoteli yenu aukariri kama anavyokariri sura, na siyo "chini ya ile saa", saa inaonekana kila pembe.

Bi_Fuoni
Na mama usimkabidhi kitabu. Msomee wewe jioni baada ya magharibi, kidogo kidogo, na zile dua mchapishie kwa herufi za Kiarabu kubwa kubwa kwenye karatasi ngumu. Sai atatembea kama mita 400 kila safari mara saba, karibu kilomita 3, kwa hiyo kama miguu hamna muulize kiongozi mapema habari za viti vya magurudumu, ipo njia yao maalumu. Rekodi na sauti yako kwenye Wasapu, Safa anasema nini, Marwa anasema nini, asikilize akiwa jikoni. Mwezi mmoja tu atakuwa anakufundisha wewe.

MwanaMkunazini
Nimemsomea kurasa za mwanzo. Kashasema ustadhi kakosea herufi kwenye talbiya, ile Labbayka.

Mzee_Kikwajuni
Ukurasa wa ngapi? Mie nnacho hicho kitabu, niangalie.